Tenki la Shemeji

Jamani, wenzangu wanalea watoto, wengine wanalea wazazi, mimi nalea tenki. Lingekuwa tenki la maji ya kunywa ningenyamaza, maana lile ukifungua koki angalau unapata kitu. Hili ni la kutenganisha mafuta na maji. Linapokea maji machafu ya gereji, linabaki na oili, linatoa maji. Hiyo ndiyo kazi yake. Kazi yangu mimi ni kulibembeleza.

Gereji ni ya shemeji, kaka yake mama watoto. Iko Tabata, huku bondeni, na mtaro wetu ukiufuata na miguu yako unakufikisha Mto Msimbazi. Cheo changu pale ni msimamizi, yaani wenzangu wanakaa, mimi nasimama. Mbele tunaosha magari, nyuma tunabadilisha oili na kufungua injini. Maji ya mbele na oili ya nyuma yalikuwa yakikutana katikati, yanashikana mikono, yanakwenda zao mtaroni. Hayakumgombeza mtu. Na mimi sikuyauliza yanakwenda wapi.

Halafu akaja mkaguzi wa mazingira. Kijana mdogo, viatu safi, faili kwapani. Akasimama pembeni ya mtaro akiangalia zile rangi rangi zinazoelea juu ya maji, kijani, zambarau, dhahabu. Nikamwambia rangi hizo watoto wa mtaa wanazipenda sana. Shemeji akanikata jicho. Kijana akataja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Nikamwambia 2004 mimi sikuwepo hapa gereji, waulizwe waliokuwepo. Shemeji akaniambia, "Shem, nenda kanunue maji ya kunywa." Nikaenda. Niliporudi na chupa zangu, kikao kimekwisha, mkaguzi ameondoka, na tumeshakubali kununua tenki.

Shemeji alitaka lifukiwe. Eti lisionekane, apate nafasi ya kuegesha Noah mbili. Fundi wa kulifunga akakataa. Akasema huku bondeni maji ya ardhini yako juu, na masika yakikolea, tenki lililofukiwa likiwa tupu linaweza kuibuka lenyewe, linyanyue zege na Noah zake. Isitoshe, la chini likivuja nani ataona? Litavuja mwaka mzima, wewe unauza tu. La juu likivuja unaliona. Hapo sina ubishi, naliona. Nikifika asubuhi naliona. Nikila mihogo yangu mchana naliona. Nikiondoka jioni naliona, nalo linaniona.

Sasa tukaanza na zege la kulikalishia. Nikakabidhiwa nisimamie. Mwashi akanishauri tuliinamishe kidogo, mvua ikinyesha maji yasituame. Wewe ungekataa? Huo si ushauri wa busara? Likakauka, likapendeza, nikalipiga hata picha. Fundi akaja, hakusalimia, akaweka pima maji yake juu ya zege. Kile kipovu kikakimbilia pembeni, kikagoma kurudi. Akanitazama muda mrefu sana. Kumbe ndani ya tenki kuna ukingo ambao mafuta yanatakiwa kuuvuka taratibu yaingie chumba chao. Tenki likiinama hata kidogo, upande mmoja mafuta yanabaki yanaushangaa ukingo, upande wa pili maji yanamwagika kwenye chumba cha mafuta.

Shemeji akasema, milimita ngapi hizo, likalisheni. Likakalishwa. Ndipo pipa letu la oili chafu likaanza kujaa haraka ajabu. Nikafurahi. Nikajua biashara imekuja yenyewe, maana oili chafu unajua inavyotafutwa na wajenzi, wanapaka mbao za paa mchwa wasile. Nikampa bwana mmoja madumu yake, akanilipa, akashukuru. Jioni akarudi nayo. Hakuongea. Akafungua dumu moja mbele ya wateja, akanimiminia miguuni maji matupu, na juu yake kautando ka oili ka kupaka kiberiti. Mbao zake zilikuwa zimeoga. Zege likavunjwa. Nani alishika nyundo, usiniulize.

Mkaguzi aliposikia habari ya madumu akashika kichwa. Oili ya kwenye tenki ni taka hatarishi, akasema, anaichukua mwenye kibali, mnaandikishana karatasi, siyo unampa kila anayejenga. Kwa hiyo hata ile senti ya soda imeota mbawa.

Zege likamwagwa upya, safari hii fundi amekaa juu ya ndoo analilinda dhidi yangu. Tenki likasimama wima. Nikashika koki ya maji machafu nianze kazi, fundi akanipiga mkono. Eti tenki haliwashwi tupu. Lazima kwanza lijazwe maji safi mpaka juu. Maji safi! Sababu yake ni kwamba ndani kuna kizuizi kinachoachia maji yapite kwa chini huku mafuta yakizuiwa juu. Kama hakuna maji, mafuta nayo yanapita hapohapo chini, bila kupiga hodi, mpaka mtaroni. Tukaita boza. Siku hiyo nyumbani kwangu bomba lilikuwa halitoi hata pumzi, tunanunua maji ya ndoo. Mama watoto akapita pale na ndoo yake kichwani, akamkuta mumewe ameshika mpira wa boza anajaza maji meupe kwenye tenki la uchafu. Hakusema kitu. Angesema ningejitetea.

Fundi yule ana ugonjwa wa kufundisha. Alichukua chaki akachora ubavuni mwa tenki. Akasema tenki halina maajabu, halina dawa, halina umeme ndani. Linatoa muda tu. Oili ni nyepesi kuliko maji, basi iache itulie, itapanda. Lakini tone kubwa linapanda haraka na tone dogo linapanda kwa madaha. Tone la upana wa maikroni 150, ambayo ni milimita 0.15, linapanda mita moja kwa dakika 10 hivi. Ukilisaga mpaka maikroni 20, safari hiyohiyo inachukua saa 9. Upana ukipungua nusu, mwendo unabaki robo. Eti kuna bwana aitwaye Stokes, profesa wa Cambridge, aliyetoa hesabu hii mwaka 1851. Nikamuuliza, kama inajulikana tangu 1851, mbona naulizwa mimi? Akaendelea kuchora.

Ndani amepanga mabati ya plastiki yenye migongo, yameinama, yamekaribiana sana. Hayo yanalipunguzia tone safari. Badala ya kupanda mita nzima linapanda sentimita moja, linagonga bati, linang'ang'ania hapo, linakutana na wenzake, wanakuwa tone kubwa, wanapanda pamoja. Nikaitikia kwa kichwa. Mimi nikiitikia kwa kichwa jua nawaza chakula.

Ila nilielewa siku ya pampu. Kwa kuwa tenki liko juu ya ardhi, maji machafu yanakusanyika kwanza kwenye chemba sakafuni, halafu yanapandishwa. Fundi aliandika kwenye karatasi: pampu ya diaframu, ya polepole. Shemeji akaenda Kariakoo, akakuta pampu ya diaframu bei yake inaumiza, akarudi na ile ya panga inayozunguka kwa kasi, ya kupandishia maji ghorofani. Tukaiwasha. Aisee! Tenki lilijaa kufumba na kufumbua. Tukapongezana. Kule mwisho maji yakatoka kama chai ya maziwa. Panga la pampu limeipiga oili ikasagika vitone visivyoonekana, navyo vinapanda kwa madaha wakati maji yanapita kwa dakika. Mkaguzi akachota kwenye chupa, akainua juani, akanisogezea. Sijui alitaka ninywe. Pampu ikabadilishwa. Hii ya sasa inakwenda taratibu, inasema pu, pu, pu kutwa nzima, mpaka nikilala naisikia.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe kuna sabuni.

Ndugu msomaji, nisikilize vizuri hapa. Mteja wa Dar haamini gari limeoshwa mpaka alione limepotea ndani ya povu. Madogo wangu wanajua, wanamwaga sabuni bila huruma. Kwenye kibao cha tenki pameandikwa EN 858, daraja la kwanza, maana yake maji yanatakiwa kutoka na mafuta yasiyozidi miligramu 5 kwa lita. Nikamwonyesha mkaguzi kile kibao kwa majivuno, nikakifuta vumbi kabisa. Akanieleza kwa upole kwamba kipimo hicho kinafanywa maabara, kwa maji na mafuta tu, hakuna mtu anayeyamwagia sabuni ya unga. Sabuni kazi yake ni kuyaoanisha mafuta na maji. Tenki kazi yake ni kuyaachanisha. Mimi nawalipa madogo wafungishe ndoa, halafu nalisha tenki livunje.

Kuna sabuni zinazoshika mafuta muda mfupi kisha zinayaachia. Zipo. Bei zake shemeji alipozisikia aliomba kiti. Tunazitumia, lakini kwa kipimo cha kifuniko cha chupa, na mwenye kifuniko ni mimi. Kwa hiyo sasa hivi madogo hawanipendi, wateja wananiona bahili, na shemeji anasema kifuniko chenyewe kikubwa.

Haya, matunzo. Hakuna aliyenitajia matunzo tulipokuwa tunanunua. Kila wiki nachukua mti wa kupimia, naupaka ile dawa ya kutambua maji wanayotumia vijana wa vituo vya mafuta kwenye matenki yao. Naudidimiza mpaka chini. Sehemu iliyogusa maji inabadilika rangi, iliyoishia kwenye oili inabaki vilevile, hapo napata unene wa oili. Ikizidi alama ya fundi naiondoa kwenda kwenye pipa. Chini nako kuna tope na mchanga wa matairi yenu, nao ukijaa unaziba njia ya maji, tunaita gari la kunyonya, dereva wake ananidai kabla hajazima injini.

Yale mabati ya plastiki ndiyo adhabu kubwa. Yanatolewa, yanaoshwa yakiwa nje. Kichwa hakiingizwi ndani ya tenki, mle mna hewa mbaya, na sigara ni marufuku kwa sababu ya mvuke wa petroli. Nikataka kuyapiga na mashine ya presha nimalize haraka. Fundi, ambaye nilidhani yuko Mbagala, akatokea. Presha inayapinda. Ni mpira wa kawaida na mkono, upenyo kwa upenyo. Na yale maji ya kuoshea hayaendi mtaroni, yanarudi kwenye chemba, yanapandishwa tena, yanapita tena. Nikaona hapa sasa nazungushwa na maji yangu mwenyewe.

Siku ya mabati napanda daladala saa ya msongamano, watu wananing'inia mlangoni, na kiti cha pembeni yangu kiko wazi. Konda analazimisha abiria wakae, wanasema wanashuka kituo kinachofuata. Nyumbani naoga nje. Mama watoto ameweka ndoo ya sabuni uani, ndani hata mto wangu umehamishwa.

Masika yaliyopita ilinyesha usiku kucha. Sehemu ya kuoshea haikuwa na paa. Mvua yote ya uwanja ikaingia kwenye chemba, ikaijaza, ikafurika, pampu ikaelemewa inasukuma bila kupumzika. Tenki lililozoea kupokea taratibu likapelekewa mafuriko, na oili niliyoipima kwa mti wangu wa kupimia ikazolewa, ikatoka yote, ikaenda Msimbazi na rangi zake. Asubuhi watoto wa mtaa wamekusanyika wanashangilia. Mkaguzi naye yupo, viatu safi vilevile. Alipouliza nani alitakiwa kufunga valvu ya kuingilia, shemeji akaninyooshea kidole, madogo wakaninyooshea vidole, na jirani wa genge la nyanya, asiyejua valvu ni nini, naye akanyoosha.

Sasa tumeezeka. Maji ya paa yanakwenda mtaroni peke yake, maji ya sakafu yanakwenda tenkini peke yake. Shemeji amenunua turubai zuri la kulifunika tenki jua lisiiunguze rangi. Mimi nilipoomba mwavuli aliniambia biashara ngumu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukija Tabata kuosha gari, karibu sana, bei zetu ni zile zile. Naomba mawili tu. Oili uliyobadilisha mwenyewe nyumbani usije kuimwaga kwenye chemba yangu nikigeuka, sema tu, pipa lipo. Na sabuni yako ya unga iache kwenye buti. Gari lako litatakata. Povu utalipata ng'ambo ya barabara, kwa jirani ambaye mkaguzi hajamfikia.