Mega Zangu Zinakwenda Wapi?

Mega za intaneti ya nyumbani kwangu zinaliwa usiku. Nalala zipo, naamka hazipo, na kila mtu ndani ya nyumba anaapa kwamba hakugusa. Kukatwa si jambo geni kwetu Likasi, Kongo. Mwaka 2020 ilikuja RAM, ile ada ya kusajili simu iliyokuwa inachomolewa moja kwa moja kwenye salio, watu wakapiga kelele nchi nzima mpaka ikafutwa 2022. Lakini angalau RAM ilikuwa na jina, na ukitaka kuitukana ulijua uanzie wapi. Hizi mega zinaondoka bila kuaga, nami ni mtu ninayependa kumjua ninayegombana naye.

Mpwa wangu, aliyesomea kompyuta na anayekula kwangu tangu amalize, akasema dawa ipo, programu ya kuchungulia yanayopita mtandaoni, inaitwa Wireshark, tena ni ya bure. Kuishusha tu ilikula mega zaidi ya 70. Nikilalamika naambiwa, "Tonton, lakini ni ya bure." Yaani ili nijue mega zinakokwenda, kwanza nitoe mega za kwenda kuuliza.

Aliyeianzisha, Gerald Combs, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ndogo ya intaneti huko Kansas City, Marekani. Programu za kuchungulia mtandao wakati huo ziliuzwa kama dola 1,500, na hazikukubali mashine za ofisini kwao. Akakaa akaandika yake, akaitoa 1998 kwa jina la Ethereal, anayetaka aichukue, aifumue, airekebishe. Nilimwomba kijana arudie hapo: mtu wa kampuni ya intaneti? Kumbe kuna miji ambako muuza intaneti mwenyewe anakesha akitafuta kwa nini intaneti yake inasumbua! Mwaka 2006 Combs alihama kazi, jina likabaki kwa mwajiri wa zamani, programu ikaendelea kwa jina la Wireshark. Hilo halikunishangaza. Mji huu nao uliitwa Jadotville mpaka 1966, jina likaondoka, vumbi likabaki lilelile.

Kompyuta ya kawaida kwenye Wi-Fi husikia mambo yake yenyewe na yale yanayotangazwa kwa wote, basi. Kwa hiyo kijana akaipitisha intaneti ya nyumba nzima ndani ya laptop yake, akaiweka mezani pale pale tunapokulia bukari, akabonyeza alama ya pezi la papa. Mistari ikaanza kumwagika: ya buluu, ya zambarau, ya kijani. Kuna nyingine ya zamani zaidi, tcpdump, iliyoandikwa 1988 katika maabara ya Lawrence Berkeley kule California, nayo ya bure, ila haina rangi wala picha, maandishi matupu. Hiyo kijana huifungua wakija wageni, ili waone kasoma.

Nilivuta kiti nikasoma. Mstari mmoja unauliza: nani ana 192.168.1.1? Amwambie 192.168.1.14. Baada ya muda kidogo, swali lilelile. Vifaa vya ndani ya nyumba moja, vilivyolala pamoja mwaka mzima, bado vinaulizana nani ni nani. Printa, ambayo haijachapa kitu tangu wino uishe, inajitangaza kutwa kwamba ipo tayari kwa kazi. Nikasema, mwizi huyu hapa. Kijana akanijibu kwamba maneno ya ndani ya nyumba hayalipiwi, yanayolipiwa ni yanayotoka nje na yanayoingia.

Haya, ya nje. Usiku wa manane, simu zote zimelazwa, hapo ndipo zinapoamka. Moja inajishushia toleo jipya la programu ambayo hakuna anayeifungua. Ya mke wangu inapeleka ng'ambo picha za harusi ya dada yake, zote, pamoja na zile zilizopigwa mfuko ukiwa umeifunika kamera. Mke wangu akasimama nyuma yetu na mwiko mkononi: "Kwa hiyo sasa mnanipeleleza?" Kijana akaapa kwamba ya ndani yamefungwa kwa usimbaji, hayasomeki, kinachoonekana ni jina la mahali mzigo unakokwenda, na ukubwa wake. Akaambiwa na ukubwa wake pia asiuangalie.

Nikauliza nani aliyezituma hizo picha. Hakuna, zimejituma. Hapo nilikasirika kweli. Nimegharimika kumtafuta mtu wa kumfokea, naletewa kifaa.

Kisha nikaona mistari myeusi, maandishi yake mekundu. Mingi! Kijana akaeleza kwamba hiyo ni mizigo iliyopotea kati ya antena ya kampuni na ya kwetu juu ya paa, ikabidi itumwe tena. Na mita ya kampuni iko wapi? Kwao, kabla ya antena. Kwa hiyo uliopotea umehesabiwa? "Umehesabiwa, tonton." Na uliokuja badala yake? "Nao." Hebu lori la shaba kutoka Kolwezi lipinduke kabla ya kufika Lubumbashi, tuone kama kuna mnunuzi atakayelipia shaba iliyomwagika pamoja na ile itakayoletwa badala yake.

Tukaenda ofisini kwao na ushahidi kwenye flashi. Dada wa dirishani akaigeuza-geuza: "Papa, hii ni filamu?" Akanipa fomu yenye visanduku vitatu: hakuna mtandao, mtandao polepole, mengineyo. Penye mengineyo waliacha nafasi ya kuandika jina la mtoto mmoja, tena jina fupi. Nikaandika mpaka pembeni, nikageuza karatasi, nikaendelea mgongoni. Hatimaye akatoka shefu. Mimi hakunitazama, alitazama laptop. Akamuuliza kijana amejifunzia wapi, akavuta kiti, wakaanza kuoneshana mistari na kucheka kama watu waliosoma darasa moja. Fomu yangu ilikuwa chini ya kikombe cha chai.

Kijana sasa yuko kwao, anafanya staji. Mshahara hakuna, ni ya bure, kama programu yake. Juzi amerudi amevaa fulana yenye nembo ya kampuni, nikamwambia mega zimeisha tena, afungue basi ile Wireshark tuone. Hata laptop hakuigusa. "Tonton," akasema, kwa sauti ileile ya dirishani, "shida iko upande wa mteja."

Nikamjibu kwamba bukari nayo iko upande wa mteja, aende akale kwa waliomvisha fulana.