Ghorofa Letu la Kwenye Luku

Ndugu yangu mwenye familia, ukisikia nina ghorofa hapa Mbagala usije kunikopa. Lipo kwenye Luku tu.

Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo tunamonunulia umeme. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na kila ghorofa 5,000. Mwaka 2023 zikapanda hadi 1,500 na 7,500. Kijumba changu cha vyumba vitatu kinakatwa 7,500. Ukiingiza elfu kumi ya kwanza ya mwezi, umeme unaobaki ni wa kumchemshia maji ya kuoga Mkaguzi Mkuu. Huyo ni mama mkwe. Alikuja kutusalimia wakati wa masika, sikumbuki masika ya mwaka gani.

Nikaenda ofisini. Kijana wa dirishani akatazama kompyuta: "Mzee, mfumo unasoma ghorofa." Nikamwambia basi mfumo uje Mbagala. Akataka barua ya serikali ya mtaa na picha ya nyumba.

Barua haikusumbua. Picha alipiga mke wangu, mama Zawadi, na kwetu simu ikiinuliwa watu wanakwenda kubadili nguo. Mkaguzi Mkuu alidai kiti na khanga mpya. Shemeji yangu, tunayemwita Injinia ingawa banda la kuku lilimshinda, akajiweka katikati na miwani ya jua. Watu wametoka vizuri sana. Paa halimo.

"Huku juu pamekatwa, mzee. Nitajuaje hakuna ghorofa?" akauliza kijana wa dirishani.

Nilipopeleka yenye paa, kijana alikuwa amehamishwa, na mwenzake akaniambia mfumo uko chini.

Nyumbani wao wameshalikubali ghorofa. Mama Zawadi kagawa vyumba, watoto wanagombea roshani, na Injinia anasema kwa kuwa kodi tunalipa, tulijenge tu. Mkaguzi Mkuu amekataa katakata kulala juu kwa sababu ya magoti. Nikiwaambia hakuna juu, naitwa mbishi: hata serikali inajua, mimi nani? Jumamosi yamenunuliwa mapazia, na hayaendani na dirisha lolote la chini.

Msomaji, kama una ndugu kwenye huo mfumo, mwambie apite Mbagala alione paa kwa macho yake. Aje kabla ya tarehe mosi.