Sifa za Misi ya Asubuhi

Njombe, mwezi wa Juni na Julai, watu husifu viazi, parachichi na jiko la mkaa. Misi ya asubuhi haina wa kuisifu, na huo ni udhalimu. Nauzungumzia ule mtetemo wa gari lililolala nje kwenye baridi: ukiliwasha linawaka, ukitoa mguu kwenye mafuta linaanza kutikisika, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, na kwenye kioo cha pembeni ng'ombe mmoja anaonekana watatu.

Kwanza misi ni mlezi. Dereva aliyezoea kuwasha na kuondoka huwa hajui hata jina la jirani. Misi humkalisha kitini, mguu ukibembeleza mafuta, mpaka jirani atoke na mswaki mdomoni kuangalia nani anamvunjia usingizi. Hapo wanasabahiana, "Kamwene!", na undugu unaanza.

Pili ni mwalimu, tena wa fizikia. Petroli ya majimaji haiungui vizuri; lazima igeuke mvuke, na kwenye baridi sehemu yake hugoma, ikabaki imelowesha kuta za njia ya hewa. Kwa hiyo kompyuta ya gari huiuliza sensa ya joto la maji hali ikoje, huongeza petroli, na hupandisha silensa hadi mizunguko 1,200 au zaidi kwa dakika, kisha huishusha hadi 700 hivi injini ikishapata joto. Sasa sensa ikidanganya kwamba maji yana nyuzi 80 kumbe yana 8, injini inanyimwa petroli na kutetemeka kwa njaa. Watu wamemaliza chuo bila kuelezwa hayo. Misi huyaeleza bure, kila alfajiri.

Na ina uvumilivu ambao mimi sina. Fundi wa haraka hubadilisha plagi zote, akaja kwenye pampu, halafu akaanza kukohoakohoa akitaja bei ya injini ya mtumba. Misi inamtazama tu. Fundi anayejua kazi huchukua koili ya silinda moja na kuihamishia nyingine: misi ikihama nayo, mwizi kapatikana na hakuna kilichonunuliwa. Isipohama, atakagua masizi kwenye mlango wa hewa, kisha mipira ya vakyumu. Mpira mkavu una ujanja wa kupendeza: asubuhi unasinyaa na kuvuta hewa ya wizi, injini ikipata joto unatanuka na kuziba ufa wake wenyewe. Saa nne fundi akifika na tochi, ushahidi haupo.

Lakini mfadhili mkuu wa misi ni yule aliyeng'oa themostati. Gari lilichemsha huko kwenye joto, akakitoa hicho kidude, akakitupa, akamwambia mwenye gari kuwa hiki ni cha nchi za baridi. Kisha gari likauzwa Njombe. Kazi ya themostati ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na ushee. Isipokuwepo, maji yanapozwa tangu dakika ya kwanza, injini inafika sokoni ikiwa bado vuguvugu, na kompyuta, kwa huruma, inaendelea kuimiminia petroli kama mgonjwa wa uji. Plagi zinavaa masizi meusi, misi inanenepa, na kituo cha mafuta kinakupenda.

Sifa ya mwisho ni haya. Misi haipendi kujionyesha mbele ya wakubwa. Mwenye gari akichoka, analipeleka Dar es Salaam kwa mafundi wenye mashine za kupimia. Anapita Makambako, anapita Mafinga, anateremka Kitonga, na Ruaha Mbuyuni anafungua vioo vyote kwa joto. Analala mjini. Asubuhi gari lililolala kwenye nyuzi 20 na kitu linawaka, linatulia, glasi ya maji juu ya boneti haimwagiki. Mashine inasoma kuwa hakuna hitilafu. Fundi anakunja nyaya zake, anapokea hela ya kupima, na kumwambia mteja, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba gari lake ni zima kabisa na labda yeye apumzike kidogo kabla ya kurudi Njombe.