Usiwasingizie Wachawi

Hongera, bosi, kwa kuleta gari la mbio Sumbawanga, lenye tumbo la kulamba lami. Tumeliona kwenye tela: uzito wote umekalia mkia, pikapu inayovuta imeinuka nyuma, na bampa la plastiki limefungwa kamba ya manila. Wajuzi huusogeza uzito mbele kidogo ya ekseli ya tela, hubana magurudumu yote manne kwa mikanda, kisha husimama baada ya kilomita chache kukagua. Wewe umempandisha utingo alishikilie! Mteremko wa Ntendo kwenda Muze hauulizi bei ya gari. Likiporomoka Bonde la Rukwa, usije ukatangaza kwamba wachawi wa Kifipa wamekutupia radi. Nunua mikanda, bosi. Kamba hiyo haihitaji mganga.