Shikamoo, Mzee Mchakato

Wako waliosifiwa kwa vita, kama Mtemi Mirambo wa Urambo. Wako waliosifiwa kwa mali, kwa sauti, kwa sura. Mimi leo namsifu mzee ambaye hajawahi kusifiwa na mtu, ingawa jina lake halikauki midomoni mwa watumishi wa umma. Uliza madawati ya shule yamefikia wapi, utaambiwa yako kwenye mchakato. Uliza tairi la gari la wagonjwa: mchakato. Uliza mabati ya zahanati yaliyoahidiwa tangu diwani aliyepita: nayo yako kwenye mchakato, tena mwishoni mwishoni. Mtu mwenye nyumba ya kulaza madawati, matairi na mabati ya mkoa mzima kwa mpigo asisemwe vibaya vijiweni. Anastahili shikamoo.

Jina lake kamili ni Mchakato wa Ununuzi wa Umma. Watu wa Dar es Salaam hudai kwamba ndio waliomzaa, na watu wa Dodoma hudai kwamba ndio wanaomlea. Sisi wa Tabora tunanyamaza tu, maana tunajua mzee huyu alipita kwetu kwa miguu kabla Dodoma haijawa na ofisi hata moja.

Enzi za misafara, mahitaji ya safari yalinunuliwa kwa pamoja Unguja, kwani ukishaiacha Bagamoyo hukuti duka la kurudi kubadilisha. Mwandishi wa habari Henry Stanley alipojiandaa mwaka 1871 kwenda kumtafuta mvumbuzi David Livingstone, wafanyabiashara Waarabu wa Unguja walimpa hesabu: watu 100 wanahitaji doti 10 za nguo kwa siku ili wale. Akazidisha siku kwa doti, akanunua merikani, kaniki na vitambaa vya rangi. Afisa ugavi yeyote wa leo angeutambua mpango ule. Kazi ilikuwa kwenye ushanga. Ugogo walipokea mweusi, Unyamwezi walipenda mwekundu wa samisami, kwingine walitaka mweupe. Ukikosea rangi, mpagazi amebeba frasila mbili za mzigo usionunua hata yai, na bahari iko nyuma mwendo wa miezi mitatu. Hapo ndipo Mzee Mchakato alipojifunza kuuliza maswali mengi kuhusu rangi na vipimo. Njiani Ugogo msafara ulisimama kulipa hongo, kila mtemi na kiwango chake, kila kiwango na majadiliano yake. Desturi hiyo imekwisha, kama kila mtu ajuavyo, kwa hiyo sitaizungumzia.

Kisa kilichompa ukali wake kilitokea mbele kidogo, Ujiji. Livingstone huyo alitegemea shehena zilizotumwa kutoka Unguja na ubalozi wa Uingereza chini ya John Kirk. Shehena moja ilikabidhiwa kwa mtu aliyeitwa Sherif. Yeye ndiye msafirishaji, yeye ndiye mtunza stoo, na mkaguzi pia ni yeye. Oktoba 1871 Livingstone aliporudi Ujiji kutoka Manyema, yu hoi, alikuta yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za ushanga zimekwisha. Sherif alikuwa ametazamia kwa Kurani, akaona mwenye mali amekufa, akauza mali akanunua pembe za ndovu. Lakini nampa haki yake: alimwandikia barua liwali wa Unyanyembe kuomba kibali cha kuuza. Alijua mapema kuliko wengi wetu kwamba wizi usio na barua ni wizi, na wenye barua ni utaratibu.

Siku hizo hata barua zilijua kusubiri. Kifurushi cha barua za Livingstone chenye tarehe 1 Novemba 1870 Stanley alikikuta kimekwama hapa kwetu, akambebea mwenyewe hadi Ujiji. Kilipofunguliwa kilikuwa kimetimiza mwaka. Livingstone alipokuja kukaa kwenye tembe la Kwihara, hapahapa Tabora, mwaka 1872, Stanley aliondoka mwezi Machi kwenda pwani kumtafutia watu na vifaa, vikafika Agosti. Lile tembe sasa ni makumbusho. Wageni huonyeshwa kuwa ni nyumba ya mvumbuzi; kwa haki lingeandikwa kuwa ni chumba cha kwanza cha kumsubiria mzabuni katika kanda ya magharibi.

Waingereza walipoitawala Tanganyika, mzee alihamia London. Ofisi ya Crown Agents, iliyoanza mwaka 1833, iliyanunulia makoloni mahitaji yao, kuanzia vifaa vya reli hadi stempu. Ila kuna mara moja ambapo Waingereza wenyewe walimruka. Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha na mafuta ya kula yakiwa haba kwao, waliamua Tanganyika ilime karanga kwenye mamilioni ya ekari: Kongwa, Nachingwea, na hapa kwetu Urambo. Walikuwa na haraka. Wakanunua matrekta chakavu ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino, yakafika yamechoka kabla ya kuona shamba. Vifaru vya Sherman vikabadilishwa kuwa matrekta. Mwaka 1951 mradi ukazikwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea. Mnyamwezi aliyekuwa akilima karanga zake kwa jembe la mkono hakuulizwa kitu, kwa kuwa hakusajiliwa kama mshauri elekezi. Urambo ikageukia tumbaku.

Baada ya uhuru mzee alirudi nyumbani, akakaa kwenye Bodi Kuu ya Zabuni. Kila anapoonekana kuchoka hutungiwa sheria mpya: ya 2001, ya 2004, ya 2011, na ya karibuni, ya 2023. Ile ya 2004 ilimletea mlinzi, PPRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Mwaka 2007 ikaundwa GPSA, Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini, inayoshindanisha wazabuni kwa niaba ya serikali nzima, kisha taasisi zote hununua kupitia mikataba hiyo. Dawa zilikwisha kutangulia: sheria ya 1993 ilianzisha Bohari ya Dawa, MSD, ambayo ina bohari ya kanda hapa Tabora. Hoja ya kununua kwa pamoja haina ubishi, maana anayeagiza rimu elfu kumi hupata bei ambayo wa rimu moja haioni. Mwaka 2023 mzee akahamia kwenye mfumo mpya wa mtandaoni, NeST. Zamani zabuni ziliwekwa kwenye bahasha, na bahasha zilikuwa za aina mbili: ile iliyotumbukizwa sandukuni, na ile nyingine. NeST imeiondoa ile ya sandukuni.

Sasa mtazameni akiwa kazini. Tuseme kitasa cha stoo ya ofisi fulani kimeharibika. Kitasa kipya kimetundikwa kwenye msumari katika duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara. Mtunza stoo anakiona kutoka dirishani, na mwenye duka anamwona mtunza stoo. Mtu mwenye papara angevuka barabara. Mchakato humketisha chini. Je, kitasa kilikuwamo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka? Hakikuwamo, maana kitasa hakikutoa taarifa kwamba kitaharibika. Basi fomu ijazwe, mkuu wa idara asaini, mhasibu athibitishe kwamba kasma ina fedha, afisa masuuli aidhinishe, faili literemke Kitengo cha Ununuzi. Afisa wa kitengo yuko semina Morogoro. Akirudi, mfumo unasumbua. Mfumo ukitulia, nywila ya bosi imekwisha muda. Mzabuni mwenye mkataba anapatikana. Yuko Shinyanga, na bei yake ina nauli ndani. Hati ya agizo, LPO, inatoka, kitasa kinafika. Kamati ya mapokezi inakaa, wajumbe watatu, kitasa kimoja mezani. Wa kwanza anakigeuza. Wa pili anasoma jina la kiwanda. Wa tatu anauliza funguo ni ngapi, kwa sababu hati inasema tatu na ndani ya boksi mna mbili. Kitasa kinarudi Shinyanga.

Ni kweli sheria ina mlango wa manunuzi madogomadogo, lakini mlango huo nao una kitasa chake. Muda wote huo stoo imefungwa kwa waya. Faili la kitasa, kwa upande wake, limehifadhiwa kwenye kabati la chuma lenye kufuli mbili.

Mnacheka, ila hamjaona huruma iliyomo. Sahihi nyingi ziliwekwa ili lawama ikigawanywa kila mtu apate kipande kisichomlemea. Dawa zikichelewa, aliyeomba aliomba, aliyeidhinisha aliidhinisha, mzabuni anadai hajalipwa deni la nyuma, mhasibu anasubiri fedha kutoka juu. Kila mmoja ana karatasi ya kumtetea. Mgonjwa peke yake ndiye hana karatasi.

Ni mkarimu vilevile. Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi itengwe kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha kina mama kikipata zabuni ya kushona sare, kinakopa, kinanunua vitambaa, kinapeleka mzigo, kinapiga picha na mgeni rasmi. Malipo? Msiwe na wasiwasi, kina mama, yako kwenye mchakato. Riba ya mkopo haiko kwenye mchakato. Yenyewe huenda moja kwa moja.

Na wanaosema mzee hana mbio hawajamwona mwezi Juni. Mwaka wa fedha unakwisha tarehe 30, na fedha iliyobaki ina hatari ya kurudi Hazina. Basi yule aliyekuwa akitembelea mkongojo tangu Julai huvua viatu. Walioko semina wanarudi. Mfumo hausumbui. Profoma tatu za washindani watatu zinaletwa asubuhi moja na kijana mmoja kwenye bodaboda, zote zikiwa na kosa lilelile la tahajia. Kamati inakaa hadi usiku, na hakuna anayehesabu funguo.

Kwa sababu ya haya wapo wanaotaka afutwe. Hao nawauliza: mmesahau ilikuwaje tulipomruka, au tulipomfumba macho? Mwaka 2006 nchi ilikuwa kwenye mgawo wa umeme, ukatafutwa umeme wa dharura, ikapatikana kampuni ya Richmond. Februari 2008, baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu zabuni hiyo, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Halafu ile rada tuliyouziwa na BAE Systems kwa pauni zipatazo milioni 28. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani Uingereza kwamba haikutunza hesabu zake za biashara ile inavyopaswa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa hata mwenye daftari alikiri kuliacha wazi. Baadaye Tanzania ikalipwa pauni milioni 29.5, wananchi wakaziita chenji ya rada, zikanunua vitabu na madawati. Kwa hiyo njia ya mkato ya kupata madawati ipo: nunua rada kwa bei ya kuruka, vumilia miaka kama kumi, kisha muuzaji arudishe chenji. Ukilinganisha na hiyo, kamati ya mapokezi ina kasi ya treni ya SGR.

Tena nimewasikiliza vizuri wanaomlaumu. Mwalimu mkuu anataka mchakato mfupi shuleni kwake na mrefu halmashauri. Halmashauri inautaka mfupi kwake na mrefu wizarani. Wazabuni wanautaka mfupi kwenye kulipwa na mrefu kwenye kukaguliwa. Hakuna anayemtaka mzee nyumbani kwake, na hakuna anayetaka aondoke kwa jirani. Nao wana haki, maana kila hatua ya Mchakato ni kumbukumbu ya mtu aliyewahi kula. Ukiondoa hatua, unamwita arudi mezani.

Tatizo ni kwamba walaji nao wamesoma. Sherif wa leo hana haja ya kutazamia. Angesajili kampuni tatu kwenye mfumo, akapakia vyeti vyote, akazishindanisha zenyewe kwa zenyewe, na ushindi ukaenda kwake kwa haki. Faili lake lingekuwa safi kuliko la mtu mwaminifu, kwa sababu mwaminifu anashughulika na mzigo na hana muda wa kupanga karatasi. Mkaguzi akija angelisoma ukurasa kwa ukurasa, asione doa. Yadi 3,000 zingekuwa zimepokelewa, zimesainiwa, zimeingizwa leja. Zingekosekana stoo tu.

Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo naishia hapa, mzee wetu. Hatukuombi ufe, wala ukimbie kila siku kama Juni. Tunakuomba jambo moja: ukimaliza kukagua karatasi, inuka kitini, ukautazame mlango wa stoo.