Mwewe wa Enoshima Hana Adabu

Mtu wa kwetu Kiplombe akikwambia anashuka Pwani, anamaanisha Mombasa: zaidi ya kilomita 750, basi la usiku na shingo kupinda. Mimi Mombasa sijafika. Bahari yangu ya kwanza imekuwa Pasifiki, kwa sababu mpwa wangu anakimbia katika timu ya kampuni moja huko Japani na aliniona nimechakaa. "Mjomba, njoo Shonan upumzike."

Shonan ni ufuko wa Ghuba ya Sagami, kama saa moja kwa treni kutoka Tokyo. Kupumzika kwenyewe sikukuona. Kutoka Fujisawa hadi Kamakura kuna kitreni kinachopita uani kwa watu, karibu uanue nguo zao kambani. Ndani hakuna anayeongea. Simu yangu ikalia, mke wangu anauliza ng'ombe ashapandishwa au bado. Nilijibu kwa sauti ya kawaida ya mtu wa Kiplombe, na behewa zima likainama kutazama viatu vyake.

Kamakura kuna Buddha wa shaba wa karne ya 13, mita 11 na ushei, ameketi juani na mvuani. Jengo lake lilisombwa na mawimbi zaidi ya miaka 500 iliyopita na halijajengwa tena. Hapo sikulaumu mtu. Kwetu zabuni ya paa ingetangazwa mara nne, na paa lisingekuwepo vilevile.

Chakula cha mchana kilikuwa vidagaa vibichi juu ya wali, kila kimoja kinanitazama kwa macho mawili. Nikaomba mkate wa nyama, nikatoka nao ufukweni Enoshima. Kulikuwa na mabango yenye picha ya mwewe, nikacheka. Mwewe ninayemjua ni mwizi wa vifaranga, na watoto humtimua kwa kelele. Huyu alikuja kimya kutoka nyuma, akanipita begani, mkononi nikabaki na karatasi tu. Nayo karatasi nilizunguka nayo hadi jioni, maana mapipa ya taka ni ya kutafuta kwa tochi. Kila mtu hurudi na taka zake nyumbani.

Na Mlima Fuji niliohadithiwa tangu uwanja wa ndege? Mita 3,776, mfupi kuliko Elgon yetu, na bado ulijificha mawinguni kutwa.

Kilichomfurahisha mpwa wangu ni barabara. Kila tarehe 2 na 3 Januari, mbio za vyuo vikuu za Hakone, zilizoanza mwaka 1920, hupita kando ya bahari hiyo, wanariadha wakipokezana mshipi badala ya kijiti. Kila chuo huruhusiwa kukimbiza mgeni mmoja tu, na mara nyingi huyo ni Mkenya. Wawili wangeruhusiwa, wenyeji wangebaki kushika bendera.

Kesho ana kilomita 30 juu ya lami hiyo. Amenikodia baiskeli nimfuate na chupa za maji.

"Ni tambarare tupu, Mjomba."

Nimemuuliza treni ya kurudi Tokyo huondoka saa ngapi.