Usafi Utatuua

(Sebuleni, Sinza, Dar es Salaam. Tangi la kioo la lita 60 liko chini ya televisheni. Mfuko wa plastiki unaelea juu ya maji, ndani yumo samaki, Gapi. Kwenye chujio amejibanza Sponji.)

GAPI: Shikamoo, mzee.

SPONJI: Marahaba, mwanangu. Karibu, ingawa ungekawia kidogo ningefurahi zaidi.

GAPI: Unanifukuza hata mfukoni sijatoka?

SPONJI: Waliokutangulia niliwakaribisha vizuri, wakafa vilevile. Bosi alinunua tangi Jumamosi asubuhi, jioni samaki kumi na wawili wamo ndani. Kufika Jumatano, kinyavu kilikuwa kimegeuka machela. Wamebaki wawili, wale pale kwenye kona.

GAPI: Ugonjwa?

SPONJI: Uchafu wao wenyewe. Samaki anatoa amonia, chakula kinachooza nacho kinatoa, na tangi jipya halina wa kuila. Bakteria wa kwanza wanaigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili wanaigeuza nitrati, hiyo mtaivumilia mradi bosi abadilishe robo ya maji kila wiki. Ukoo huo wote unaishi mwilini mwangu, na kukamilika kwake ni wiki nne mpaka sita.

GAPI: Na wewe una wiki ngapi?

SPONJI: Hii ya tatu.

GAPI: Mungu wangu! Hapimi hata maji?

SPONJI: Televisheni ya inchi 55 anayo. Kipimo cha amonia alitajiwa bei, akapiga hesabu, akaona samaki wapya ni nafuu.

GAPI: Sisi magapi ni wagumu, mzee. Watu wametusambaza dunia nzima tule viluwiluwi vya mbu, hata mitaroni tunazaana.

SPONJI: Mtaroni hakuna mtoto wa kukumwagia chakula kila akikatiza. Mnatakiwa mpewe cha kumaliza ndani ya dakika mbili. Hapa cha asubuhi kinakutana na cha jioni. Juzi umeme ukakatika, pampu kimya, bakteria wangu wakahema roho juu. Na maji anachota bombani, anamimina papo hapo. Klorini haibagui! Angeyalaza kwenye ndoo wazi siku nzima, tungezika wachache.

GAPI: Sasa ana mpango gani?

SPONJI: Nimemsikia kwenye simu, anaagiza samaki wa Kigoma. Watu wa Ziwa Tanganyika, waliozoea maji ya pH karibu 9! Eti rangi zao zinaendana na mapazia.

GAPI: Samahani, mzee, mbona umepauka kahawia na unateleza hivyo?

SPONJI: Hiyo kahawia ndiyo roho yako. Nikiziba, nikamuliwe kidogo kwenye maji yaliyotolewa humuhumu tangini, inatosha.

GAPI: Anakuja. Ameshika ndoo.

SPONJI: Ina maji ya tangi?

GAPI: Ina povu. Anamwambia mkewe leo anakusugua mpaka ung'are.

SPONJI: Mwanangu, bado umo mfukoni?

GAPI: Bado.

SPONJI: Usitoke.